Karakana Kumi na Moja na Mkebe wa Rangi ya Kijani

Mzee Kioko, mchonga vinyago wa Shauri Moyo, alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema sitarudisha hata bisibisi moja. Muuza vyuma wa Jogoo Road alisema vijana wa mtaa wetu watauza kila kitu sokoni Gikomba kabla ya Krismasi. Shemeji yangu, karani wa reli aliyekula kwangu kila Jumapili, alisema vijana hawana tatizo, tatizo ni mimi: mtu aliyekaa Uingereza miaka minne amesahau jinsi fundi wa Eastlands anavyokasirika akiguswa kifaa chake.

Niliwajibu wote watatu kwamba nitarudisha kila kifaa kwa mwenyewe, kwa mkono wangu huu, siku niliyoahidi. Na nilirudisha. Nawaandikia nyinyi vijana mliofungua maduka na karakana zenu, kwa sababu nasikia mnaulizana biashara inawezaje kusaidia vikundi vinavyolea vijana mitaani. Mimi nilijibu swali hilo vibaya kabla sijalijibu vizuri. Kaeni mnisikilize.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Baba yangu alikuwa mfagiaji wa mabehewa, tukaishi Makongeni watu saba chumba kimoja. Mimi nilikwenda Birmingham na sanduku la mbao, nikarudi na diploma ya ufundi wa mizani. Diploma ya mizani, msicheke. Mizani ya dukani, ya buchari, ya kiwanda, ya kupimia dawa, zote nilizifungua na kuzifunga nikiwa nimefumba jicho moja. Miaka ya sabini ikiisha, kama ulinunua kilo ya nyama Eastleigh ikawa kilo kweli, jua mkono wangu ulipita hapo. Wachinjaji wa Kiamaiko walinitumia mtu kila mkaguzi wa vipimo alipokaribia. Karakana yangu ilikuwa Makadara, ina mlango wa chuma na jina langu, Barasa, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zilizohitajika. Mtaani hawakulisoma. Waliniita Diploma. Wengine walisema kwa heshima, wengine kwa kunipiga kijembe, na mimi nilikubali yote mawili.

Mama Selina alikuja siku moja na mizani ya jikoni iliyoanguka. Alikuwa karani wa baraza la mji aliyestaafu, mtu wa Vihiga, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye foleni. Alikuwa na kikundi cha kulea vijana katika ukumbi wa mtaa. Si shule na si kanisa. Kila kijana alitafutiwa mtu mzima mmoja wa kumfuatilia. Shida yake ilikuwa kwamba vijana walikuwa wengi, na watu wazima walikuwa yeye na mchungaji mmoja mwenye magoti mabovu.

Nilitengeneza mizani yake bure nikamwambia asihangaike, biashara yangu itamsaidia. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilinunua jezi za mpira zenye jina la karakana yangu mgongoni, nikaita mpiga picha, nikasimama ukumbini nikaeleza maisha yangu tangu sanduku la mbao. Nilieleza kwa muda mrefu. Mvulana mmoja mbele alilala, nikadhani anatafakari. Jumamosi iliyofuata walikuja vijana watatu. Jezi zenyewe nilizikuta zinapiga debe stendi ya magari, jina langu likipanda na kushuka mgongoni mwa manamba.

Nilikwenda kulalamika kwa Mama Selina. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Bwana Barasa, hawa watoto wana mashati," alisema. "Wanachokosa ni mtu mzima wa kukaa naye kwa saa tatu bila kufokewa."

Niliudhika, nisiwafiche. Mtu mwenye diploma hapendi kufundishwa na mtu anayechambua mchele. Lakini njia nzima ya kurudi Makadara nilijiuliza: na mimi je, ni nani aliyekaa nami kwa saa tatu? Nikamkumbuka fundi mmoja mzee wa Birmingham, mnene, aliyenipa kiti kando ya meza yake na kunywa chai yake kimya huku nikitazama. Diploma niliandikiwa na chuo, sawa, lakini mikono nilipewa na yule mzee. Na hakuninunulia hata soksi.

Basi nikabuni mpango. Kila karakana imchukue kijana mmoja, kila Jumatano baada ya saa nane, mwaka mzima. Afanye kazi ya kweli na fundi mmoja huyo huyo. Siku nyingine vijana wangefanya mazoezi ukumbini, Mama Selina akiwaangalia. Nilichagua Jumatano kwa makusudi. Jumatatu fundi ana hasira za wikendi. Ijumaa anangoja malipo, na Jumamosi wateja wote wanataka vitu vyao. Jumatano fundi ni binadamu.

Nilizunguka kutoka Kaloleni mpaka Bahati, na nilikubaliwa na karakana kumi na moja haraka kuliko nilivyotarajia mpaka nilipofika kwenye vifaa. Fundi anaweza kukuazima baiskeli yake, hata sebule yake kwa sherehe ya mahari. Kifaa hakuazimi. Nyundo ya fundi imemzoea mkono, ikishikwa na mwingine anasema imeharibika hata kama haijaharibika. Lakini vijana hawawezi kujifunza kwa kutazama tu, na vifaa vipya sikuwa na uwezo wa kuvinunua. Nikaomba vile vya zamani, vya akiba, vilivyolala kwenye masanduku. Kila fundi alipaka alama ya rangi yake kwenye mpini, ndivyo walivyofanya wote siku zile: huyu nyekundu, huyu michirizi miwili ya njano, huyu bluu na nukta.

Mzee Kioko alitoa mwisho, na alitoa tezo, kile kishoka cha kuchongea. Wachonga vinyago wa Ukambani hutumia tezo kama wengine wanavyotumia kidole. Hiyo ilikuwa ya babake.

"Si kwamba nakuamini," aliniambia. "Nataka tu siku moja nikuone umeaibika, Diploma. Kifaa kimoja kikikosekana, chochote, cha yeyote, sisi wote kumi na mmoja tunafunga milango. Hakuna kijana atakayekanyaga karakana zetu tena."

Wengine wakaitikia. Nikakubali, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Jioni Mama Selina aliuliza kama nilielewa nilichokubali. Vijana kumi na mmoja walikuwa na mahali pa kwenda Jumatano, na nilikuwa nimefunga mahali pote pale kwa kamba moja.

Lakini nilikuwa mtu wa vipimo. Nilinunua daftari gumu, nikapima kila kifaa kwa mizani yangu bora, nikaandika: nyundo, ya nani, uzito wake mpaka gramu. Nilimwonyesha shemeji. Alisema mwandiko ni mzuri.

Mwaka ule nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye diploma. Mimi nilimchukua kijana wa kumi na mbili, anayeitwa Mutua, mrefu, mpole, mtoto wa dereva. Jumatano tatu za kwanza nilimweleza kuhusu Birmingham: baridi, vyumba vya mashine, mwalimu aliyenisifu mbele ya darasa. Jumatano ya nne aliinua mkono kama yuko shuleni.

"Mzee," akasema, "leo tutafungua mizani?"

Tulifungua. Niligundua kwamba nikiwa kazini sisemi chochote, naimba tu nyimbo za kanisa kwa pua, na kijana hujifunza zaidi kwa pua yangu kuliko kwa mdomo wangu. Wewe mwenye biashara, usimpe kijana hotuba yako. Mpe kazi yako ya kawaida. Na mpe kazi inayohesabika. Fundi mmoja wa viatu alimpa kijana wake vipande vya ngozi mbovu avishone kisha avitupe, na kijana akaacha kuja. Nilikwenda nikamwambia ampe kiatu cha mteja. Aliogopa yeye zaidi ya kijana, lakini alimpa. Kijana alirudi, na akaanza kufika kabla ya saa.

Wa Mzee Kioko alikuwa msichana, Akoth, binti wa mpishi wa hospitali. Watu walicheka: mchonga vinyago na msichana. Mzee Kioko alimweka mwezi mzima akisugua vinyago vya swara kwa msasa bila neno. Nilipopita kumuuliza anaendeleaje, mzee alijibu kwamba hajui, hawajaanza kuongea. Mwezi wa pili alimpa tezo ya kutumia pale pale. Mwezi wa sita nilimsikia akimfokea mteja mzungu aliyemsifu mzee kwa kinyago ambacho hakukichonga yeye: "Hicho ni cha huyu. Muulize bei yeye."

Sasa tufike kwenye rangi.

Ahadi ilikuwa Jumatatu ya mwisho kabla karakana hazijafunga kwa Krismasi. Alhamisi niliwakusanya vijana ukumbini, nikiwa na furaha ya mtu anayekaribia kushinda. Vifaa vyote vilikuwepo, nimehesabu mara mbili, sitini na vitatu. Nikawaambia maneno ambayo natamani ningeyameza. "Nataka virudi viking'aa kuliko vilivyokuja. Wajue tumevitunza."

Jumamosi adhuhuri nilifungua mlango wa ukumbi nikapigwa na harufu ya rangi mbichi.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wamejipanga, nyuso zinang'aa kama vifaa. Juu ya meza, juu ya magazeti, vilikuwa vimelazwa vyote sitini na vitatu. Wamevisugua kwa msasa na mafuta ya taa mpaka chuma kimekuwa cheupe. Na kila mpini, kila mmoja, wameupaka kijani. Rangi ilibaki siku walipopaka milango ya ukumbi, mkebe mzima, wakaona isiharibike.

Michirizi ya njano, nukta za bluu, nyekundu, alama zote zilikuwa zimekwenda na msasa.

"Mzee, si vimetakata?" Mutua aliuliza.

Mama Selina aliketi polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu. Nilikuwa na nyundo kumi na mbili za kijani, koleo tisa za kijani, na patasi ambazo sikutaka kuzihesabu. Fundi akipewa nyundo ya mwenzake badala ya yake, kwake ni sawa na kuibiwa. Kioko alisema kifaa kimoja. Mimi nilikuwa na sitini na vitatu.

Vijana waliona uso wangu na tabasamu zikaanguka moja moja. Ningewafokea, na nilifungua mdomo, lakini nikakumbuka aliyewaambia waving'arishe. Nikasema tu kwamba nina daftari.

Nilileta mizani yangu bora kwa mkokoteni kutoka Makadara. Nikapima nyundo ya kwanza. Uzito wake haukuwepo daftarini. Nikapima ya pili, haikuwepo. Msasa ulikuwa umekula chuma hapa, rangi imeongeza pale. Nyundo mbili zilikuwa na uzito mmoja, na mbili nyingine zilikuwa na uzito ulioandikwa kwa nyundo ya mtu wa tatu. Mizani yangu ilikuwa sahihi kabisa, na haikunisaidia chochote. Katika maisha yangu yote ya kazi hilo halikuwa limenitokea, na lilinitokea mbele ya watoto kumi na wawili.

Nikafunga daftari.

Akoth alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alinyoosha mkono akaokota tezo mbili zilizokuwepo, moja ya Mzee Kioko, moja ya seremala wa Bahati. Akazigeuza, akarudisha moja.

"Hii ndiyo ya Mzee."

Nilimuuliza anajuaje.

"Yeye hushika karibu na kichwa, gumba likiwa juu. Guseni hapa, pameingia ndani. Wa Bahati hushika mwisho, kama anayeua nyoka."

Niligusa. Chini ya rangi palikuwa na kibonde kidogo cha gumba, na chini ya gumba la Mzee Kioko, nadhani, gumba la babake.

Mutua akasogea. Kisha mwingine. Kijana wa fundi redio alichukua koleo tatu akazitazama mdomo, akasema mzee wake hukata waya kwa ncha tu, kwa hiyo ncha zake zimeliwa na katikati ni mpya. Kijana wa fundi wa mabati alisema bosi wake ni wa mkono wa kushoto, nyundo yake uso umelala upande usio wa kawaida. Wakabishana. Wakacheka. Mmoja aliigiza fundi wake anavyopiga msumari akiwa amekunja shingo, kila mtu akamtambua. Mama Selina aliinuka kitini, akaanza kufunga vifaa kwenye magazeti na kuandika majina juu yake. Nilichofanya mimi ni kushika kamba.

Nilisimama pale nikaelewa kitu. Mwaka mzima nilidhani nawafundisha watoto hawa kazi, kumbe walikuwa wakiwasoma watu. Hakuna mwenye karakana hata mmoja aliyewahi kutazamwa mikono kwa makini hivyo, hata na mkewe.

Vilipangwa vyote isipokuwa tupa mbili za kunolea chuma. Hizo zilifanana kama mapacha, na wala kijana wa fundi baiskeli wala wa fundi funguo hakuwa tayari kuapa. Nikasema sitadanganya, nitawaambia wenyewe.

Jumatatu tulitoka asubuhi, mimi, Mutua na vijana kumi na mmoja, kila mmoja wao na bunda la fundi wake. Nilikuwa nimeahidi mkono wangu, kwa hiyo kwenye kila karakana kijana alinipa bunda, nami nikamkabidhi fundi, na nikasema ukweli kabla hajafungua: tumekosea, tumefuta alama zenu, fungua uone kama ni vyako. Fundi redio alifungua, akashika koleo yake, akaifungua na kuifunga mara mbili, akaiweka mfukoni, na hiyo kwa fundi ni risiti. Fundi wa mabati alipiga debe tupu mara moja kwa mkono wa kushoto akatikisa kichwa kukubali. Seremala wa Bahati alilalamika kuhusu kijani, akasema yeye si mtu wa serikali kutumia vifaa vya rangi moja, lakini vifaa vyake alivijua.

Kuhusu zile tupa, nilimpa fundi baiskeli zote mbili achague. Alisema zote si zake, yake ilikuwa mbaya kuliko hizi. Nikazipeleka kwa fundi funguo. Naye alisema yake ilikuwa mbaya zaidi. Nilirudi kwa wa baiskeli, nikaenda kwa wa funguo, mpaka mwishowe walikutana barabarani, wakacheka, kila mmoja akachukua moja bila kutazama. Siku hizi ningeita huo mkutano wa wafadhili, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Mzee Kioko nilimwacha mwisho, kama yeye alivyotoa mwisho. Mafundi wengine walikuwa wametufuata, si kwa mapenzi, walitaka kuona ile aibu aliyoiahidi. Akoth alinipa bunda. Nikampa mzee. Nikasema maneno yangu ya kukiri kwa mara ya kumi na moja.

Alifungua gazeti. Akaitoa tezo ya kijani. Kisha akaishika karibu na kichwa, gumba juu, akavuta kigogo cha mpingo, akakata mara tatu. Vipande vitatu vyembamba vikaruka, sawasawa.

"Nani aliitambua?"

Nikamwonyesha Akoth kwa kidevu.

"Sikukuuliza wewe, Diploma. Nimeuliza kwa sababu nilitaka aseme mwenyewe."

"Ni mimi, Mzee," Akoth akasema.

Mzee Kioko alinitazama. Akawaambia wengine, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya mkutano, kwamba deni langu kwake limekwisha, na kama kuna anayedai kifaa aseme sasa. Hakuna aliyedai. Muuza vyuma wa Jogoo Road alikuwa ameanza kutazama viatu vyake. Shemeji, aliyekuwa amekuja na yeye, alinishika kiwiko, na Jumapili iliyofuata hakula kwangu, alitualika kwake.

Kisha Mzee Kioko akageuza tezo, akamnyooshea Akoth upande wa mpini.

"Jumatano uje nayo," akasema. "Na huyu Diploma asiandike daftarini. Wewe hujaazima kitu."